Wakuu, somo la vitu vya nyumbani limeniponza, nishaurini

MwalimuChaki: Habari za jioni wakuu. Nafundisha la tatu, Maarifa ya Jamii. Vitabu havitoshi, nikawaambia watoto kila mmoja alete kitu cha kwao, aulize kimetoka wapi. Wakaleta kibao cha mbuzi, kibatari, pasi ya mkaa, mmoja senti kumi ya tundu ya enzi za mkoloni. Somo lilinoga kweli. Sasa mzazi mmoja ananitafuta. Niiache njia hii?

MzeeWaTanga: Usiache. Hiyo senti tu ni vipindi viwili: hadi 1966 shilingi yetu ilikuwa moja na Kenya na Uganda. Mimi nilipeleka ya babu shuleni, mwalimu "akaihifadhi". Mpaka leo.

BintiMakame: Mzazi akutafute kwa kibatari? Mwanawe alileta nini?

MwalimuChaki: Khanga.

BintiMakame: Imeandikwaje?

MwalimuChaki: "Hasidi hana sababu." Nilikuwa naeleza pindo, mji (pale katikati) na jina, yaani yale maandishi. Nikamwambia asome, aseme mama aliinunua lini. Akajibu, "Siku mama mdogo alipohamia." Sasa mtoto wa huyo mama mdogo yuko dawati la mbele.

Kikaango: 😂😂😂

UstadhiJuma: Nyumba za watu ni sitara, mwalimu. Unawafundisha watoto kufunua.

LesoYaMvita: Huku Mombasa twaiita leso, neno la Wareno hilo. Ungewapitisha baharini na bandarini, wewe wakimbilia umbea!

MwalimuChaki: Umbea gani ndugu yangu? Mtu kavaa nini na kwa nini, si ndiyo jamii yenyewe? Halafu nimeshanunua doti, kesho nampelekea mama wa watu nimwombe radhi.

BintiMakame: Jina lake?

MwalimuChaki: Niliangalia rangi tu... "Mdhaniaye ndiye siye."

BintiMakame: Subhanallah! Usithubutu!

Kikaango: Ngojeni, hii chai. Mtaala mpya la tatu wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili. Maarifa ya Jamii ya shule gani?

MwalimuChaki: Sisi wa zamani mdomo umezoea.

Kikaango: Basi weka picha ya hiyo doti.

MwalimuChaki: Siwezi. Mke wangu kaikuta kwenye mkoba, ananiuliza huyo "siye" ni nani.

MzeeWaTanga: Samahani mwalimu, mwenye ile senti anauza?