Steamboat Springs, Colorado: tuende msimu upi ikiwa nusu ya familia haichezi skii?

Mwanasafari aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Familia yetu inaishi Marekani kwa sasa, na tunafikiria kutembelea Steamboat Springs, mji wa milimani ulioko kaskazini-magharibi mwa Colorado. Mume wangu na mwanetu wa miaka kumi wanataka kujifunza skii. Mimi na mama mkwe hatuna haja ya kuteleza juu ya theluji, lakini yeye amekulia katika jamii ya wafugaji na angependa kuona maisha ya ranchi yalivyo hasa, si maonyesho yaliyotengenezwa kwa ajili ya watalii. Kwa kuwa uwezo wetu ni wa safari moja tu, je, twende wakati wa baridi, au mji huo una la maana hata theluji ikishayeyuka?

Theluji_Laini alijibu:

Mfikishie mama shikamoo yangu. Kwa maoni yangu, nendeni mwanzoni mwa Februari, wakati wa sherehe ya Winter Carnival, kwani hapo ndipo ufugaji na skii hukutana katika barabara moja. Sherehe hiyo ilianza mwaka 1914, muda mfupi baada ya Carl Howelsen, mtelezaji kutoka Norway, kuhamia mjini na kuwafundisha wenyeji kuruka kwa skii. Theluji humwagwa na kusambazwa juu ya Lincoln Avenue, ambayo ndiyo barabara kuu, kisha farasi aliyepandwa hutimua mbio akimvuta kwa kamba mtoto aliyevaa skii, naye mtoto hutakiwa kuruka kilima kidogo bila kuiachia kamba. Watu wazima nao huketi juu ya koleo la kuzolea theluji, wakaushika mpini, wakavutwa vivyo hivyo. Bendi ya shule ya sekondari hupita ikipiga ala zake huku wanamuziki wakiwa juu ya skii. Wanaoshiriki ni wenyeji na watoto wao, wengine wa familia za ranchi, na kwa hiyo mama hatakuwa anatazama maigizo.

Kuhusu mafunzo, kilima cha Howelsen Hill, kilicho mali ya mji, kimetumika mfululizo tangu mwaka 1915, na ni fahari kubwa ya wenyeji, lakini mteremko wake ni mkali. Kwa anayeanza, ni afadhali mlima mkubwa, Mount Werner, wenye eneo pana la mafunzo liitwalo Greenhorn Ranch. Mlima huo umepewa jina la Buddy Werner, mtelezaji mzaliwa wa hapo aliyefariki katika maporomoko ya theluji nchini Uswisi mwaka 1964. Nunueni tiketi za mlimani mapema kwa njia ya mtandao, kwa sababu bei ya dirishani siku yenyewe huumiza.

Malisho_Mabichi alijibu:

Naheshimu maelezo ya mwenzangu, lakini kwa mama aliyekulia kwenye mifugo nisingechagua Februari. Wakati huo malisho yote yamefunikwa, ng'ombe wamekusanywa karibu na boma wakilishwa nyasi zilizokaushwa, na mgeni haoni zaidi ya hapo. Nendeni Julai au Agosti. Wafugaji wengi huwa wamepandisha mifugo kwenye malisho ya msitu wa taifa kwa vibali, huku mabonde ya chini, yaliyomwagiliwa kwa maji ya mifereji, yakikatwa nyasi za akiba ya baridi. Mama atakayeona mashine ikifunga marobota hayo bondeni ataelewa mara moja hesabu ya mfugaji wa huko: majira mafupi ya joto lazima yalishe miezi mingi ya theluji.

Ijumaa na Jumamosi jioni za kiangazi kuna rodeo katikati ya mji, ng'ambo tu ya mto Yampa, ambapo washindani humnasa ndama kwa kamba na kupanda farasi wakorofi, na watoto wa watazamaji hualikwa uwanjani kumkimbiza ndama ili wachomoe utepe uliofungwa mkiani. Mwanenu hatasahau.

Jambo lingine ambalo wageni hupita bila kuuliza ni kwa nini malisho yameenea hadi mlangoni mwa mji wenye ardhi ghali kiasi hicho. Mwaka 1996 wapiga kura wa Routt County, wilaya ulimo mji huu, walikubali kutozwa kodi ya kununua haki za ujenzi kutoka kwa wenye ranchi, ili mfugaji apate fedha na ardhi yake ibaki malisho daima. Huo, kwangu, ndio urithi wa ufugaji, kuliko kofia na buti zinazouzwa madukani.

Dereva_wa_Milimani alijibu:

Msimu wowote mtakaochagua, epukeni kati ya katikati ya Aprili na mwisho wa Mei. Mlima umefungwa, njia za miguu ni tope, na biashara nyingi hupumzika. Kutoka Denver ni takriban kilomita 250, na mtavuka Rabbit Ears Pass, mita 2,873 juu ya bahari; wakati wa baridi gari liwe na matairi ya theluji, au mpande ndege hadi Hayden, uwanja ulio karibu. Mji wenyewe uko juu ya mita 2,000, kwa hiyo siku ya kwanza mama apumzike na anywe maji mengi. Mabasi ya mjini ni ya bure.

Mwanasafari aliandika:

Nawashukuru sana. Mama amesikia habari za marobota ya nyasi na ameamua mwenyewe: ni Julai. Skii itasubiri. Je, chemchemi za maji moto za Strawberry Park zinamfaa mtu mzima mwenye magoti mabovu?

Malisho_Mabichi alijibu:

Zinafaa, ila kuna ngazi za mawe na kingo zinazoteleza, na ni lazima kuweka nafasi kabla. Nendeni asubuhi, kwa sababu baada ya giza kuingia watoto hawaruhusiwi. Iwapo ngazi zitamshinda, Old Town Hot Springs iko mjini kabisa, ina vyuma vya kushikilia, na basi husimama karibu.