Protini +3 kwenye mkojo, mtoto yuko hatarini?

Mama Kijacho: Wapendwa nina wiki 33, presha 150/100 na mkojo umeonyesha protini +3, wiki iliyopita ilikuwa +1, sijalala jamani, ikizidi kupanda ndo mtoto anaathirika zaidi?

Nesi wa Zamu: Pole sana mamii. Hizo plasi zinabadilika hata kwa maji uliyokunywa, ndo maana wengine wanakusanya mkojo wa saa 24, protini ikifika miligramu 300 inahesabika imezidi. Ila wingi wa protini peke yake hautabiri vizuri yatakayokupata wewe au mtoto, madaktari wa uzazi Marekani waliacha kuutumia kupima ukali wa ugonjwa huu wa presha ya mimba (preeclampsia) tangu 2013, wanaangalia presha, figo, ini, chembe sahani zinazogandisha damu. Rudi hospitali leo, usisubiri kliniki.

Mama Wawili: Mi nilikuwa na +1 tu nikapata kifafa cha mimba, kichwa kiliniuma siku mbili nikadhani uchovu. Kichwa, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu, mtoto kupunguza kucheza, kimbia hata usiku wa manane.

Mama Kijacho: Kichwa kinauma tangu jana. Naenda sasa hivi.