Asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu: wenzetu wa sekta binafsi mnawapataje?

Msimamizi_Ubungo:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nasimamia masuala ya wafanyakazi katika kiwanda cha nguo chenye watu 140. Hapa Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa wenye ulemavu hawapungui asilimia 3. Kwetu ni kama watu watano, nasi tunaye mmoja tu. Mkurugenzi anasema nafasi hutangazwa na hawajitokezi. Je, ninyi mnawapataje?

FundiCherehani:
Dada, anza na tangazo lenyewe. Mimi ni kiziwi, na matangazo mengi niliyokutana nayo yalimtaka mwombaji apige simu. Mahali pamoja nilikwenda mwenyewe na vyeti vyangu mkononi, lakini mlinzi wa getini akanipa sarafu ya shilingi mia mbili na kunionyesha barabara. Ninakofanya kazi sasa, juu ya cherehani yangu imefungwa taa nyekundu ambayo msimamizi huiwasha anaponihitaji, na mtindo mpya ukija tunaelekezana kwa chaki na nguo ya mfano. Zaidi ya taa hiyo, sijui gharama nyingine waliyoingia kwa ajili yangu.

Mhasibu wa Arusha:
Pole sana, fundi. Niongeze kwamba asilimia 3 ya watu 20 haifikii hata mtu mmoja, ndiyo maana waajiri wadogo hujiona hawaguswi, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Wenzetu wa Kenya wameweka asilimia 5, ambayo kwa watu 20 ni mtu mmoja kamili. Dada, peleka matangazo yenu SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu) na CHAVITA (chama cha viziwi), kwani wanachama wao hawapiti kwenye ubao wa getini kwenu.

Msimamizi_Ubungo:
Nimelisoma upya tangazo letu: lina namba ya simu peke yake, na usaili tunaufanyia ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Kesho asubuhi nitamwomba mkurugenzi tuongeze barua pepe na ujumbe mfupi, tumlipe mkalimani wa lugha ya alama siku ya usaili, na tutumie chumba cha chini kilicho jirani na stoo. Walinzi nitazungumza nao mwenyewe.