Wakuu, hiki kisanamu alichoacha mzee ni cha Kirumi kweli?

Mtoto wa Temeke: Habari za jioni wakuu. Mzee wangu alikuwa mpishi kwa Mtaliano mmoja Oysterbay miaka ya 80, yule jamaa wakati anarudi kwao akamwachia kisanamu cha mwanamke, kirefu kama kiganja, kizito balaa, rangi kijani kijani. Kavaa gauni la mikunjo mpaka miguuni, mkono wa kulia kashika kitu kama kasia, wa kushoto kabeba pembe imejaa matunda. Mzee alikuwa anasema ni mungu wa kike wa Warumi, mama anasema ni jini na hataki kukiona sebuleni, kwa hiyo kimekaa stoo toka mzee afariki. Sasa juzi shemeji yenu kakisugua na ndimu na majivu kama sufuria, mgongo wote unang'aa kama dhahabu 😅 Jamaa wa Kariakoo kasema ananipa laki mbili, nimpe?

Bi Upanga: Jamani ndimu tena!! Mwambie wifi aache hapo hapo. Huyo kwa maelezo yako ni Fortuna, mungu wa bahati. Hilo sio kasia la kupigia makasia, ni usukani wa meli, wa zamani ulikuwa hivyo, maana yake yeye ndo anaendesha maisha ya watu, na pembe ni neema. Warumi walikuwa na kijimadhabahu ndani ya nyumba, wanapanga visanamu kama hivyo, wanavifukizia ubani na kuvimiminia mvinyo, Pompeii iliyofukiwa na volkano mwaka 79 vimekutwa kibao. Ila kuwa Fortuna haimaanishi ni cha kale, karne ya 19 Napoli walikuwa wanatengeneza kopi za vitu vya Pompeii wanawauzia watalii.

Fundi Gerezani: Mimi nayeyusha shaba, nikwambie kifundi. Wale wa kale wanachonga kwa nta, wanafunika na udongo, wanachoma nta inayeyuka inatoka, wanamimina bronzi, yaani shaba nyekundu na bati, mara nyingi na risasi kidogo ili ipite vizuri. Vidogo vingi havina uwazi ndani, ndo maana vizito. Wewe papasa ubavuni na chini ya kwapa, ukikuta kamstari kembamba kananyooka juu mpaka chini basi mara nyingi hiyo ni kalibu ya vipande viwili, kazi ya juzi juzi. Na huo ung'avu wa dhahabu unanusa zinki, dalili ya kazi mpya, japo Warumi nao zinki waliitumia kwenye hela zao, kwa hiyo rangi peke yake isikuhukumie.

Kijana wa Kigamboni: Si inawezekana kililetwa na Warumi wenyewe? Rhapta, ile bandari ya kale, si ilikuwa huku kwetu, Prof Chami mwanaakiolojia kachimbua shanga za Kirumi Rufiji.

Bi Upanga: @Kijana wa Kigamboni shanga sawa, lakini maandishi ya karne ya 1 yametaja vilivyoletwa Rhapta, mikuki, mashoka, visu, vitu vya kioo, miungu haimo 😂 Na huyu kaambiwa kimetoka kwa Mtaliano, Rufiji ya nini. @Mtoto wa Temeke angalia pia kama kuna unga wa kijani mpauko unaomwagika ukigusa, huo ni ugonjwa wa bronzi, chumvi na unyevu vinakula madini, na Dar yetu hii ya jasho ndo inazidisha. Kiweke kwenye boksi kavu na vile vipakti vya kwenye viatu vipya. Usiuze kabla hujakipeleka Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert wakiangalie, maana kikiwa cha kale kweli kuna mkataba wa UNESCO wa 1970 wa kuzuia biashara haramu ya vitu vya kale na huyo wa laki mbili hatakuwepo ukiulizwa.

Mtoto wa Temeke: Nimepapasa. Kamstari kapo, toka kwapani mpaka kwenye pindo la gauni, na chini ya ndimu ule ukijani umetoka kama rangi ya kupaka. Makumbusho nitaenda tu Jumatatu nijue moja. Mama kasikia ni cha juzi kasema basi sio jini, kirudi kabatini, ila kiegemezwe ukutani huo mgongo usionekane.