Kidato cha Tatu wananilalia kwenye hisabati. Nifanyeje?

MadamWaHesabu:
Walimu wenzangu, hamjambo. Nafundisha hisabati katika shule ya kutwa huku Eastlands, Kidato cha Tatu, wanafunzi 52. Hawa ndio waliofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, kabla mtaala mpya kuchukua nafasi. Nyuma yao hakuna Kidato cha Pili wala cha Kwanza, na wao wenyewe husema wamesahaulika. Kumi na wanane hawavuki alama 15 kwa mia. Jumatano nina vipindi viwili mfululizo baada ya chakula cha mchana: githeri imeshuka, mabati yanawaka. Nikiandika mlinganyo ubaoni, vichwa viko mezani.

Anayeninyima usingizi ni kijana mmoja wa dawati la nyuma. Jumamosi humsaidia mjomba wake umakanga. Siku moja nilipanda matatu yao, nikamwona anakusanya nauli ya watu 14, huyu katoa mia, yule mia tano, na chenji zote zikarudi sawasawa. Jumatatu nikampa 3x + 5 = 20. Akaniambia, "Madam, hesabu si yangu." Nimejaribu vichekesho, nimejaribu hata peremende. Wanacheka, wanakula, wanalala tena. Nataka somo lenyewe ndilo liwaamshe.

ChakiMkononi:
Pole madam. Peremende weka kando. Huyo kijana mpe chaki kabla hujaandika chochote, awaulize wenzake swali la kazi yake. Abiria 14, nauli shilingi 50, hiyo ni 700 kwa safari. Mafuta 3,000, mwenye gari anataka 4,000 jioni. Safari ngapi? Waache wabishane hadi wapate 10. Ndipo uandike 700s − 3,000 = 4,000, uwaambie mmeshaifanya hii. Mimi nilikuwa naanza na x, mifano ya maisha naiweka mwisho, wakati wameshachoka. Nilipogeuza mpangilio ndipo mikono ikaanza kuinuka.

MzeeWaKayole:
Nimestaafu lakini ngoja nichangie. Mwanangu, usidhani wanaolala ni wavivu. Wengi walikwama kwenye namba hasi na sehemu tangu shule ya msingi, wakaona haya kuuliza. Mtoto wa miaka 17 ni afadhali aonekane mkaidi kuliko aonekane hajui. Kwa hiyo usimwite ubaoni peke yake. Waite wawili wawili, wachague wenyewe. Kwa namba hasi, nilikuwa natumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Una deni la 300, mtu akakutumia 200, umebaki na ngapi? Hakuna mtoto wa Nairobi atakayekujibu 500. Halafu dakika kumi za kwanza za kila kipindi rudi nyuma, hata kama silabasi inakukimbiza.

MamaWawili:
Mimi ni mzazi tu. Binti yangu alianza kupenda hesabu mwalimu alipoacha kusoma alama kwa sauti mbele ya darasa. Hilo halina gharama, madam.

MadamWaHesabu:
Asanteni sana. MamaWawili, umenigusa, maana mimi huzisoma. Nimeacha.

Leo ilikuwa Jumatano. Kijana nilimpa chaki, kwanza akakataa, kisha akachagua rafiki yake wakaja wote wawili. Jibu la safari 10 walilipata upesi. Akawaongezea: mvua imenyesha, nauli imepanda hadi 80. Wakagawanya 7,000 kwa 1,120, ikatoka 6.25. Darasa zima likapiga kelele kwamba jibu ni sita na robo. Akasema, "Robo ya safari utawashusha wapi watu? Ni saba." Msichana mmoja ambaye sijamsikia tangu muhula uanze akauliza, basi zile zinazozidi ni za nani? Wakatafuta, ni 840. Bado wanabishana ni za makanga au za mwenye gari.

Ijumaa naingia namba hasi. Mzee, nianze na deni la ngapi?

MzeeWaKayole:
Anza na hiyo 300, mwanangu. Usiweke maelfu. Kuna watoto hapo ambao deni la nyumbani wanalijua kwa hesabu kamili.