Kiangulio cha mayai 60: globu, hita ya kauri au koili ya jiko?

Mfugaji_Pongwe: Wakuu, salaam. Nipo Pongwe, Tanga. Sanduku la kiangulio liko tayari: plaiwudi ya mm 12, urefu sm 60, upana sm 50, kimo sm 40, mayai 60 ya kienyeji. Nina thamostati ya W1209 na feni ya kompyuta, zote za volti 12. Kimebaki chanzo cha joto. Nimeshauriwa nichukue koili ya jiko la umeme ya wati 1000, nikate kipande kidogo ili moto upungue. Mnaonaje?

Fundi_Chumbageni: Usikate, ndugu yangu. Koili ikifupishwa ukinzani unapungua, umeme unapita mwingi zaidi na moto unazidi. Ya wati 1000 kwenye volti 230 ina omu 53 hivi. Nusu yake itavuta wati 2000, robo yake 4000. Hiyo ni zaidi ya ampea 17, na relei (swichi) ya W1209 inabeba 10. Ukitaka wati 100 itabidi uunge koili kumi za namna hiyo mfululizo. Achana nayo.

Kuku_Makorora: Chukua globu mbili za wati 40, zile za zamani za waya. Za LED hazikufai, joto lake dogo mno. Ziunge sambamba, moja kila upande: ikiungua moja usiku, ya pili inashikilia na joto linashuka taratibu. Wati 80 zinatosha hata usiku wa Julai hapa Tanga. Wengi huweka 200 wakidhani ndiyo usalama, kumbe thamostati ikishakata, globu kubwa bado ina moto na inaendelea kupandisha joto. Na kiinitete (kifaranga kinachokua ndani ya yai) huvumilia ubaridi wa saa chache kuliko joto lililozidi.

Kila globu ifunike kwa kopo la maziwa lenye matundu. Bila hivyo mayai ya karibu yanaungua kwa mwali wake hata kama kipimajoto kinasoma sawa. Feni iunge moja kwa moja kwenye adapta, izunguke muda wote. Kihisi cha thamostati kikae usawa wa mayai, mbali na globu. Lenga nyuzi 37.5, na P1 ya thamostati (tofauti ya nyuzi kati ya kuwasha na kukata) iweke 0.3, ikibaki 2, joto litakuwa linayumba kwa nyuzi mbili nzima.

Mama_Raskazone: Hita ya kauri nayo ni nzuri: haina mwanga na inadumu kuliko globu. Ila inachelewa kupoa. Chukua ya wati 60, kisha bandika nje ya sanduku povu jeupe la kufungashia friji. Holda lazima iwe ya kauri, ya plastiki itayeyuka.

Mfugaji_Pongwe: Asanteni sana. Umeme ukikatika kwa muda wa saa nne hivi, niweke kandili ndani?

Kuku_Makorora: Kandili hapana, moshi wake ni sumu na inamaliza hewa. Weka chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kitambaa, zisiguse mayai. Funika sanduku kwa blanketi lakini matundu ya hewa yabaki wazi, hasa kuanzia siku ya 18.

Fundi_Chumbageni: Kabla ya kutia mayai, liwashe tupu saa 24, upime pembe zote nne usawa wa trei. Tofauti ikizidi nusu nyuzi, geuza mwelekeo wa feni. Alfajiri tazama globu: zikiwaka bila kukata, ziba mianya ya mlango kwanza, wati zitaongezwa baadaye.