Tupeane uzoefu: nani alishafanya mtihani wa kuruka kozi ya uandishi chuoni?

Mtoto wa Kisauni: Mdogo wangu kaanza chuo juzi, analia eti yunit ya komskilz, yaani stadi za mawasiliano na uandishi, ni lazima hata kama ulipata A ya Kingereza. Nkakumbuka vile ilinitesa. Mliofanya mtihani wa kuiruka, hapa Kenya ama Marekani, semeni.

Binti Majengo: Usinikumbushe! Mi nlikuwa Marekani, na kule uandishi wa mwaka wa kwanza haukwepeki. Binamu akanambia kuna CLEP, mtihani wa kuruka kozi za chuo, waufanya siku moja tu, ukipata 50 kwa 80 vyuo vingi vyakusamehe. Nkaona hii chai na mahamri. Maswali ya kuchagua kama 50 kwa dakika 55, nkayamaliza. Insha ya kwanza nusu saa, toa maoni, nkatoa. Sasa ya pili jamani! Wapewa makala mawili, dakika 40, wataka hoja yako iyatumie yote mawili na useme hili nimelitoa wapi. Mimi kichwa changu bado kiko KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, pepa ya tatu ya insha, nkafungua na methali, nkaleta mvua na radi, bibi kizee, mpaka mwizi akapigwa. Kushtuka zimebaki dakika sita, yale makala sijayagusa. Matokeo ya yenye insha hayatoki papo hapo, nkangoja wiki nzima na zaidi roho juu. 46. Kurudia ni mpaka miezi 3 ipite, na semista ishaanza, nkaingia darasani na pesa ishaenda.

Baba Swafaa: Mwizi alipigwa 😂😂 pole dadangu

Mwalimu Mstaafu: Wanangu mwakimbia nini? Kaeni darasani mjifunze kuandika. Barua za kazi mnazoleta siku hizi ni aibu.

Kibokoni Boy: Shikamoo mwalimu, lakini anayelipa karo si wewe. Mtu ana diploma, kashafundishwa memo na minitsi, arudie ya nini?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Ni "kumbukumbu za mkutano", si minitsi. Waona sasa?

Kibokoni Boy: Haya basi 🙄

Wa Likoni: Hamjaona kitu. Mi nlikuwa na diploma, idara ikasema sawa, njoo Jumatatu saa mbili ufanye pepa, ukipita tunakusamehe. Nkavuka feri asubuhi, mnaijua asubuhi ile, watu kama siafu. Mbele yangu mama ana karai la papa mbichi kichwani, lango likafunguliwa kila mtu mbio, nkamgonga kwa bega, karai lote likanimwagikia. Shati jeupe la pasi! Maji ya papa yakaingia mpaka kwa bahasha ya vyeti. Mama kanishika ukosi, papa wangu walipe, wataka kunifilisi. Nkampa mia tano ya matatu na chakula nkatembea kwa miguu mpaka chuoni. Nafika, msimamizi akanusa, akanusa tena, akanambia kijana kaa kule dirishani. Paka akaja akakaa chini ya meza yangu saa mbili zote. Swali la kwanza: andika barua ya kuomba msamaha kwa mteja 😭

Binti Majengo: UWONGO

Wa Likoni: Wallahi. Paka wa rangi ya machungwa.

Baba Swafaa: Ngoja, mia tano umelipa, papa walibaki kwa nani?

Mama Zuhura wa Ukunda: Swali zuri hilo. Kama umelipa ni wako. Ungechukua mkapike wa kupaka.

Kibokoni Boy: Abebe papa kwa chumba cha mtihani??

Mtoto wa Kisauni: Jamani mdogo wangu asaidiweje?

Ustadh Bamburi: Alale mapema, asisome usiku.

Kibokoni Boy: Asome usiku kucha na kahawa tungu ya Mwembe Tayari.

Binti Majengo: Kama ni hapa akaulize idara kwanza, kabla hajalipa chochote. Kama ni CLEP aulize chuo wataka gani, kuna vyuo vyaikataa na kuna ile CLEP ya Modula, ya maswali ya kuchagua, ambayo chuo chaweza kutaka insha yao wenyewe. Na TOEFL, ule mtihani wa Kingereza kwa wageni, asijidanganye, hiyo ni ya kuingilia chuo, mi nliwapelekea wakaniangalia tu.

Mtoto wa Kisauni: Shukran dada. @Wa Likoni na wewe ulipita?

Wa Likoni: Nilipita. Ile barua ya msamaha nliandika kutoka moyoni.

Mama Zuhura wa Ukunda: Na papa je?